Andika Jalada Kwanza, Skripti Baadaye

Mtazamaji wa Arusha si mtu wa kudanganywa kwa mambo ya polisi na mahakama. Amekwenda kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa, simu yake ilipokwapuliwa Soko Kuu. Amezunguka na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi huku jeraha likichuruzika. Ana mjomba aliyelala mahabusu tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Mtu huyu ukimwonyesha mpelelezi anayepokea majibu ya vinasaba kabla chai yake haijapoa, atacheka. Na mtazamaji akishacheka kwenye sini ya maiti, humrudishi tena.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kutengeneza tamthilia ya uhalifu jijini hapa na kwenye vijiji vya Mlima Meru, usianze na kamera wala waigizaji. Andika jalada la kesi kabla hujaandika hata mstari mmoja wa mazungumzo. Nasema jalada la karatasi hasa, lenye kava na namba, ambalo ndani yake mna taarifa ya kwanza kama ilivyoingizwa kituoni, maelezo ya kila shahidi, ramani ya eneo la tukio iliyochorwa kwa mkono, hati ya ukamataji mali, maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, ripoti ya uchunguzi wa mwili wa marehemu na majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila karatasi iwe na tarehe na saa. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo itakayokuonyesha matundu ya hadithi yako yakiwa bado yanazibika kwa kalamu. Yakigunduliwa siku ya kushuti utayaziba kwa fedha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dalali wa tanzanaiti amekutwa amekufa kwenye migomba, kando kando ya jiji, upande wa mlimani. Nani anaambiwa kwanza? Mwandishi mvivu ataleta polisi moja kwa moja na ving'ora. Kwa kweli anayeanza kuitwa ni balozi au mwenyekiti, na hapo tu umeshapata swali zuri: maiti imelala upande gani wa mpaka wa jiji? Hatua chache upande huu ni mtaa, na kituo chake ni kimoja. Hatua chache upande wa pili ni kijiji cha halmashauri ya wilaya, chenye mwenyekiti mwingine na kituo kingine. Wenyeviti wawili wanaobishana juu ya maiti, huku umati unaongezeka na nyayo zinakanyagana, ni sini ya dakika nne isiyohitaji hata risasi moja. Na mwenyekiti huyohuyo atarudi baadaye kama shahidi huru wakati nyumba ya mtuhumiwa inapopekuliwa, kwa maana saini yake itatakiwa kwenye hati ya ukamataji.

Sheria ni mtunzi mwenzako

Waandishi wengi huiona sheria kama kizuizi. Mimi naiona kama mtunzi wa bure. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi muda wa kawaida wa saa 4 za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, tangu alipokamatwa. Akitaka zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Sasa mkamate mtuhumiwa wako Ngare Nanyuki, nyuma ya mlima, msimu wa masika, gari la polisi likwame kwenye tope, na mpelelezi aanze kumuuliza maswali humohumo garini. Je, saa zimeanza kuhesabiwa au bado? Wakili wa Serikali atasema hivi, wa utetezi atasema vile, na wewe mwandishi umepata saa ya ukutani inayogonga sehemu nzima bila kulipia bomu la bandia.

Vivyo hivyo na kofi. Katika tamthilia zetu mpelelezi akimzaba mtuhumiwa makofi ndipo mambo yanafunguka, na mtazamaji anaambiwa ashangilie. Mahakamani kofi hilo linaweza kuiua kesi, kwa sababu ungamo lazima liwe la hiari. Utetezi ukipinga, jaji husimamisha shauri kubwa na kusikiliza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Mawakili wanaiita kesi ndani ya kesi. Mpe mpelelezi wako hasira, azabe kofi sehemu ya pili, halafu alilipie sehemu ya nane.

Kuna mashauri mawili ambayo kila mwandishi wa tamthilia ya uhalifu Tanzania ayajue kwa kichwa. La kwanza ni la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1980, ambamo Mahakama ya Rufani iliweka maswali ya kujiuliza juu ya shahidi anayedai kumtambua mtu kwa macho: alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, ilikuwa usiku au mchana, mwanga ulikuwa mzuri au hafifu, alikuwa anamfahamu kabla? La pili ni la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, linalotajwa kila mara mnyororo wa vielelezo unapobishaniwa: kila mkono uliopokea kielelezo uandikwe, tangu kilipokamatwa hadi kilipofikishwa mahakamani. Kipande cha tanzanaiti kinachotoka mfukoni mwa marehemu, kikaingia bahasha, kikalala usiku mmoja bila kuandikwa popote, kinatosha kubeba msimu mzima.

Hukumu hizi na nyingine nyingi zinasomeka bure kwenye mtandao wa TanzLII. Soma za Mahakama ya Rufani ilipoketi Arusha. Utakuta hadithi zenye mashahidi wanaojikanyaga na wapelelezi waliosahau tarehe, kwa ufupi usio na mapambo. Chukua namna mambo yanavyokwenda, acha watu. Majina, mitaa, kazi na mfuatano wa matukio ubadilishe kabisa, na kesi ambayo bado iko mahakamani usiiguse. Familia ya marehemu haikukupa ruhusa, na mshtakiwa ambaye hajahukumiwa anaweza kukushtaki wewe.

Halafu nenda ukakae mahakamani. Mashauri husikilizwa hadharani, isipokuwa machache yanayofungwa kwa sababu maalumu. Vaa kwa heshima, zima simu, kaa benchi la nyuma. Utaona kwamba hakuna baraza la raia kumi na wawili wanaoamua hatia kama kule Marekani, wala jaji hagongi rungu la mbao mezani. Utasikia maneno ambayo gazeti limeyaandika tangu utoto wako: mshtakiwa wa mauaji anapofikishwa kwa mara ya kwanza mahakama ya chini hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Basi usimwandikie akipiga kelele "sina hatia!" siku hiyo ya kwanza, wala usimpe dhamana, maana mauaji hayana dhamana. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo huna tena kisingizio cha kuwaandikia mawakili Kiingereza cha kuokoteza.

Zingatia sana mkalimani. Jiji hili lilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015 baada ya kuwashtaki watu 93. Pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, shahidi alisema kwa Kinyarwanda, na wengine walisubiri kwenye vifaa vya masikioni hadi maneno yafike kwa Kifaransa na Kiingereza. Kimya kile cha kusubiri ni mali kwa mwongozaji. Nawe unacho cha kwako: bibi wa Kimeru anayeeleza alichokiona migombani kwa lugha yake, mkalimani anayefupisha sentensi tano kuwa moja, na kijana mmoja kwenye benchi la wasikilizaji anayejua Kimeru na ametambua kilichoachwa.

Bwana Msa au Willy Gamba?

Riwaya yetu ya upelelezi imetuachia njia mbili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni na *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, anakaa na kiko chake na kuwaza. Willy Gamba wa Elvis Musiba anapanda ndege, anapiga risasi na kufukuzana. Vijana wote wanataka Gamba. Kwa bajeti ya televisheni ya hapa, mchague Msa. Magari yanayofukuzana barabara ya Sokoine yatakula fedha za sehemu sita na bado yataonekana ya mwendo wa polepole. Nchini Kenya, *Vioja Mahakamani* imedumu miongo mingi kwa kutegemea chumba kimoja cha mahakama, na ingawa ni kichekesho, somo lake la bajeti ni la kweli. *Crime and Justice* ya Nairobi, iliyotoka mwaka 2021 kwa ushirikiano wa Showmax na Canal+, ilikuwa na fedha zaidi, na bado uzito wake uliegemea vyumba viwili: cha polisi na cha mahakama.

Mpelelezi wako avae nguo za kiraia. Askari kanzu ndio wanaofanya kazi hiyo hata katika maisha ya kweli, na unaokoa taabu ya sare. Kuvaa sare za polisi au jeshi bila idhini ni kosa; zikihitajika, omba kwa barua, na zivaliwe ndani ya lokesheni tu. Mwigizaji aliyevaa sare akitoka kwenda kununua maji dukani ameshakuingiza matatani. Bastola ya plastiki nayo ni hivyohivyo. Toa taarifa kituo cha polisi cha karibu, kwa mwenyekiti, na usisahau kijiwe cha bodaboda, kwa sababu hao ndio watakaofika kwanza na mawe wakidhani ni ujambazi kweli.

Mlima, ukungu na migomba

Mwaka 1962 dunia iliiona Momella, chini ya Mlima Meru, kwenye *Hatari!* ya Howard Hawks, John Wayne akikimbiza vifaru kwa gari. Picha za ile filamu bado zinapendeza. Lakini Waarusha na Wameru humo ni watu wa kupita nyuma ya Wazungu, na tangu hapo wageni wengi wameitumia nchi hii vilevile, kama pazia la nyuma. Tamthilia ya uhalifu inakutaka ufanye kinyume: uingie Unga Limited, Ngarenaro, Kaloleni, Sakina, uingie kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda na jiko la gesi, mlima uonekane dirishani kwa bahati tu.

Mlima wenyewe, wenye mita zaidi ya 4,500, ni adui wa mwendelezo. Asubuhi uko wazi, saa 4 umevaa wingu, saa 10 jioni umerudi nusu. Ukianza mazungumzo mlima ukionekana na ukayamaliza haupo, mhariri wa picha atalia. Geuza kamera mlima uwe mgongoni mwako, au shuti kwanza picha zote zinazoonyesha mlima, za sini zote, kabla ya saa 3 asubuhi. Kumbuka pia kwamba jiji liko kusini ya mlima. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mlima unapigwa na mwanga kwa nyuma na kuonekana kama kivuli cha kijivu. Desemba jua hupita kusini na kuumulika uso wote. Lakini Juni hadi Agosti mara nyingi mlima hauonekani, mawingu hukaa chini asubuhi nzima. Kwa picha za harusi ni balaa, kwa uhalifu ni neema: mwanga laini usiobadilika, ambao Dar es Salaam hawaupati kwa fedha yoyote. Panga kushuti sini zako za nje za huzuni wakati huo, na uwape waigizaji makoti.

Jua linatua kama saa 12 na nusu jioni na giza halisubiri. Sini ya magharibi unapata nafasi moja, labda mbili. Ifanyieni mazoezi mahali palepale jana yake, saa ileile.

Usiku migombani ni somo la peke yake. Udongo wa volkano ni mweusi, majani yanameza mwanga, na taa ukiiweka mbele utapata nyuso nyeupe zinazoelea gizani. Weka taa nyuma ya migomba, juu, imulike kingo za majani, halafu umpe mwigizaji kitu kidogo cha kumwangaza: tochi ya simu, taa ya bodaboda, balbu ya kibanda cha duka. Hapa ndipo Waziri Amani anarudi. Balbu hiyo ndiyo atakayoulizwa shahidi wako mahakamani, kwa hiyo mwandishi, mwongozaji na mtu wa taa wakae pamoja waamue iko wapi, ni ya wati ngapi, iko hatua ngapi kutoka kwa muuaji. Ukimmulika muuaji vizuri mno kwa sababu ya uzuri wa picha, umeiharibu hoja ya utetezi uliyoiandika mwenyewe.

Damu ya kuigiza pia haionekani kwenye udongo huo. Asali au glukosi nzito, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ya kuitoa kwenye wekundu wa soda, vinatosha. Lakini imwagie kwenye jani bichi la mgomba, jiwe au shati jeupe. Ya saa moja iliyopita iwe nyekundu, ya asubuhi iwe ya kahawia. Piga picha za simu kila baada ya sini, zenye saa. Damu inayorudi kuwa mbichi ni kosa la mtu wa mwendelezo, na watoto wa shule ndio wa kwanza kuligundua.

Sauti ya Arusha ni ya kupigania. Kuna ndege ndogo za asubuhi za uwanja wa Kisongo, spika za kanisa na msikiti, baa, bodaboda, na mabati mvua ikianza. Usimtume kijana wa miaka 18 akawaombe wenye baa wapunguze muziki. Aende mtu mzima, aende mapema, awe na kitu mkononi. Ndani ya chumba ning'iniza mablanketi na godoro nyuma ya kamera. Kabla hamjafungasha, kila mtu anyamaze nusu dakika mrekodi ukimya wa pale pale, mhariri atawashukuru. Na mkitaka muziki wa jiji hili, ule wa akina Nako 2 Nako au Weusi, zungumzeni na wenye kazi na mpate idhini ya hakimiliki kabla ya kuhariri. Wimbo uliopenyezwa na kuzoeleka kwenye chumba cha uhariri ni mgumu kuutoa.

Waigizaji tafuta hapahapa. Mwigizaji wa Dar akisema "chalii", neno la vijana wa hapa, utasikia amejifunza juzi. Chalii wa kweli wa Chuga, yaani Arusha, halisemi neno hilo kila sentensi, na mzee wa Kiarusha akizungumza na afande anazunguka kwanza kwenye salamu na ng'ombe kabla ya kufika kwenye mauti. Ingieni kambini kwa mazoezi, na kwenye kambi wagawie waigizaji jalada badala ya skripti. Anayecheza shahidi asome maelezo yake tu, asijue ya wenzake. Mwongozaji awahoji kama mpelelezi. Mazungumzo bora ya tamthilia yako yatatoka hapo, na mengine utayaandika upya usiku huo.

Vibali

Nitakuwa mfupi, kwa sababu hapa hakuna sanaa. Bodi ya Filamu kwanza, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Peleka muhtasari na skripti mapema, na ukumbuke kwamba kazi yenyewe itarudi kwao kupangiwa umri wa watazamaji. Kisha ofisi za mkoa na wilaya, kisha serikali ya mtaa au kijiji. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni TANAPA na ada zake, ndiyo maana nakushauri mlima uushuti ukiwa Tengeru au Nkoaranga, nje ya mpaka. Droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usiirushe karibu na uwanja wa ndege, kambi ya jeshi au gereza hata kama kibali unacho. Mahakama ya kweli hutaipata kirahisi kushuti ndani. Tafuta ukumbi wa shule wakati wa likizo, fundi seremala akutengenezee kizimba, na uweke nembo ya Taifa mahali pake sahihi.

Kwenye bajeti kuna mstari mmoja ambao watayarishaji wa hapa huufuta kwanza fedha zikipungua: ujira wa mshauri. Usiufute. Tafuta mpelelezi mstaafu na karani mstaafu wa mahakama, wapo wengi hapa mjini, wape jalada lako wiki mbili kabla ya skripti kuanza kuandikwa, na uwalipe kama unavyomlipa mpigapicha. Wakikwambia jambo fulani halifanyiki hivyo, usibishane nao kwa hoja ya sanaa, badilisha.